Mtani Amelala Mlangoni

Kinole,
9 Novemba 2024

Kwako Athanas, mpagazi uliyeishiwa mizigo,

Nakusalimu wewe na shemeji yangu Theresia, ambaye nasikia bado anakuvumilia. Barua hii anakuletea Erick, dereva wa lori la nanasi. Ningekupigia simu, lakini mambo ya huku unayajua. Mpaka nipande kwenye lile jiwe la juu ya shamba ndipo nipate mtandao, nakuwa nimeishiwa pumzi ya kukutukana, na matusi yako ni marefu.

Kubwa la kukuambia ni hili: binti yangu Asha anaolewa. Mchumba ni fundi umeme wa Kilakala, kijana mwenye adabu, ananiamkia hata nikiwa nimempa mgongo. Tumepanga iwe mwezi wa Shaabani, tumalize kabla ya Ramadhani. Wewe uje, maana harusi ya Mluguru bila Mnyamwezi wa kuosha masufuria haijakamilika.

Mimi ni mzima, tena nimerudi ujana. Kitambi kimeondoka chenyewe. Suruali ya Idi iliyopita naifunga kwa kamba ya katani, na Mama Asha ananiuliza najipamba kwa ajili ya nani. Kinachonisumbua ni kiu tu. Tunamenya mdalasini kutwa, nadhani lile vumbi la magome ndilo linanikausha koo. Mama Asha ananipikia togwa tamu kweli, nateremsha jagi zima kabla ya adhuhuri, na kabla jua halijashuka nimelimaliza la pili. Basi ni kunywa na kwenda nje, kunywa na kwenda nje. Pale chini ya mchungwa ninapokwenda haja ndogo sisimizi wamehamia ukoo mzima. Wamejua kwamba wa Mluguru ni asali. Wa kwenu ungewaua.

Nijibu upesi. Usisingizie kupima mchele, najua huna wateja.

Mtani wako,
Mwinjuma

*

Dumila,
16 Novemba 2024

Kwa Mwinjuma, mtu anayelima akiwa amejifunga kamba asibingirike,

Barua imefika, ina harufu ya nanasi na jasho la Erick. Asha tunampongeza sana. Huyo kijana wa Kilakala mwambieni mapema kwamba huko kwenu hata kitanda kinawekewa jiwe upande mmoja.

Unajua desturi ya hapa kwetu. Mimi napima mchele pale kibandani, Theresia anasoma kwa sauti, na wateja wanapata burudani ya bure. Alisoma akicheka mpaka akashika meza. Alipofika kwa sisimizi akanyamaza. Alirudia yale maneno kimoyomoyo, kisha akakunja karatasi akaniuliza, "Huyu amepima sukari?" Nikamwambia ni utani wake tu. Alikwenda kupanga vitunguu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Si unakumbuka yeye anaishi na sukari tangu ule mwaka wa mafuriko? Sasa kila anayekunywa maji mbele yake anamtazama kwa jicho la polisi. Nimekupa salamu zake kama zilivyo: anasema ukapime. Mimi nasema uache choyo, hiyo togwa unayobugia ingeshibisha kijiji.

Nitakuja harusini. Masufuria osha mwenyewe.

Mtani wako mwenye afya na kitambi chake,
Athanas

*

Kinole,
14 Desemba 2024

Mpagazi,

Nimechelewa kujibu, si kwa kukuogopa. Nanasi zimeiva zote kwa pamoja na vibarua ni wachache.

Mwambie shemeji namshukuru. Lakini sukari ni ugonjwa wa watu wa mjini, wale wanaopanda gari kwenda dukani. Mimi huu mlima naupanda na kuushuka kila siku ya Mungu. Sukari itanishika wapi? Uchovu ninao, nakubali. Zamani nilifika shamba la juu bila kusimama, siku hizi napumzika njiani na Mama Asha ananipita na mzigo kichwani. Hayo ni ya umri. Yeye ameniongezea togwa ili mwili urudi, naye anaona haurudi, basi ananiongezea tena.

Nikuchekeshe kidogo. Juzi nimeshinda shambani na buti, kuvua jioni nakuta kijiwe ndani, kimenitoboa chini ya kidole gumba mpaka soksi imelowa damu. Kutwa nzima sikusikia kitu. Ndiyo ujue miguu ya Waluguru imekomaa. Ingekuwa ya kwako ungeita gari la wagonjwa.

Samahani kwa mwandiko mkubwa. Hili daftari mistari yake siku hizi inacheza, nimeona heri niandike herufi za kuonekana. Wachapishaji wameanza kutuibia wino.

Asha anakusalimu. Ameshonesha gauni, mama yake amelia, na bado tuko mbali na siku yenyewe.

Mwinjuma

*

Dumila,
22 Desemba 2024

Ndugu yangu Mwinjuma,

Leo sikutukani. Ukiona hivyo ujue nimekaa chini.

Barua yako niliichukua mwenyewe kwa Erick, na kabla sijasoma neno niliona mwandiko. Tangu tukate miwa pamoja kule mashamba ya sukari, mimi na wewe vijana, mwandiko wako ni mdogo, umekaa kwenye mstari. Huu wa sasa maneno matano yamejaza mistari miwili, na mengine yameporomoka pembeni. Mistari haichezi, Mwinjuma. Ni macho.

Nimekaa na Theresia akanieleza moja baada ya jingine, naye hayo ameyapitia. Kiu isiyokatika. Kwenda nje kila mara. Kukonda huku unakula. Uchovu. Macho kuingia ukungu. Mguu kufa ganzi hata jiwe usilisikie, na kidonda kikipatikana hakifungi. Na hao sisimizi hawakufuata uluguru wako, wamefuata sukari. Ile togwa unayonywa kuzima kiu ndiyo inayoiwasha. Anasema pia kwamba kupanda mlima ni kuzuri lakini hakumkingi kila mtu, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akilima kwa jembe la mkono alipopatikana nayo.

Zahanati yenu ina mashine. Ni kuchomwa kidole tu, hata chai haijapoa umeshajua. Nakuomba uende. Nakuomba kama ndugu, si kama mtani.

Athanas

*

Kinole,
11 Januari 2025

Athanas, fundi wa mafundi wa utani,

Nimekuvulia kofia. Barua yako nimeisoma kwenye kijiwe cha kahawa baada ya swala ya Ijumaa. Tuseme nimempa mwalimu wa madrasa anisomee, macho yangu yalikuwa na vumbi. Watu wamecheka mpaka kahawa imemwagika. Ile "leo sikutukani" imewamaliza kabisa. Mzee mmoja amesema tangu azaliwe hajaona Mnyamwezi anayeweza kumzika Mluguru kwa upole namna ile.

Unanitabiria kaburi, ndiyo kazi yako. Najua unachotaka. Unataka nife mapema ulale kaburini kwangu, kama watani wafanyavyo, udai beberu wangu mweupe. Hupati. Nitaishi mpaka nile matanga yako mimi, kule Tabora, kwa asali.

Harusi ni Jumamosi ya tarehe kumi na tano Februari. Ndoa inafungwa nyumbani, asubuhi. Njoo na Theresia. Njoo na hiyo sura yako ya huzuni pia, nataka watu waione.

Mtani wako asiyekufa,
Mwinjuma

*

Dumila,
18 Januari 2025

Mwanangu Asha,

Nimempa Erick hii akukabidhi mkononi, baba yako asiione. Si vizuri kupita nyuma ya mtu, lakini mbele nimeshapita na amenichekea.

Nimemwandikia baba yako jambo la kweli kabisa, naye amelisoma kijiweni kama kichekesho. Simlaumu. Miaka yote hii nimemwambia atakufa kesho, akifa nitakula, na yeye ananiambia hivyo hivyo. Mtani akisema unaumwa, nani atamwamini? Nimekaa nikafikiri nani amwambie. Mama yako akimwambia atasema ana wivu wa ule wembamba. Wewe atakuambia shughulika na harusi.

Basi niambie wewe unachokiona. Mguu ukoje? Na yule nesi wenu wa zahanati, Rosa, ni mtu wa kuaminika?

Baba yako mtani,
Athanas

*

Kinole,
25 Januari 2025

Baba Athanas,

Shikamoo. Mama Theresia pia mpe shikamoo yangu.

Nilivyoisoma barua yako nilifunga mlango nikalia, maana nilidhani ni mimi peke yangu ninayeona. Mguu haujapona. Anaufunga kitambaa, anavaa soksi juu yake, hata ndani ya nyumba. Juzi alimimina chai pembeni ya kikombe akasema kikombe kimehama. Mama anajua kuna jambo, ila wifi zake wamemwambia mume akikonda ni kwamba hatunzwi, basi anazidi kumpikia.

Baba siku ile alitoka kijiweni akicheka. Baadaye nilimkuta nyuma ya nyumba amekaa juu ya ndoo, amefungua kitambaa, anautazama ule mguu, na hakuwa anacheka. Nikamwambia twende kwa Rosa. Akaniambia, "Baada ya harusi." Anaogopa akikutwa na kitu wakwe watasema nyumba yetu ina magonjwa, au pesa ya shughuli iishie hospitali. Baba Athanas, mimi naona harusi bado iko mbali na mguu hausubiri. Lakini yeye ndiye walii wangu. Bila yeye siozeshwi, na bila ndoa hii kwisha hasikilizi la mtu.

Rosa ni mtu mzuri sana. Alishamwita mara mbili, yeye akapitia njia ya juu ili asipite mlangoni kwake.

Kama una njia yoyote, naomba uifanye. Hata ikivuruga harusi yangu kidogo, sitakasirika.

Binti yako,
Asha

*

Dumila,
1 Februari 2025

Mwanangu Asha,

Njia ipo, ni ya kwetu sisi watani. Mwambie Rosa siku ya harusi avae vizuri, akae na akina mama karibu na mlango, na mashine yake iwe kwenye mkoba. Usiseme zaidi. Wewe siku hiyo kazi yako ni kupendeza tu.

Athanas

*

Kinole,
12 Machi 2025

Mtani wangu Athanas, mtu mbaya kuliko wote niliowahi kuwafahamu,

Leo ndiyo nimeweza kukaa na kalamu. Nakuandikia uliyoyaona, kwa sababu wewe uliyaona ukiwa chini na mimi niliyaona nikiwa nimesimama.

Nimevaa kanzu mpya, nimejipaka udi, sheikh amekaa chini ya turubai na mkwe wangu, wananisubiri. Nataka kutoka ndani, nakuta Mnyamwezi amelala kizingitini, gunia la mchele kichwani kama mto. Watu wakapiga vigelegele, maana mtani akidai siku ya shughuli hakataliwi, na siku zote humalizwa na jogoo. Wakakuletea jogoo. Ukamwachia akakimbia. Wakakuletea beberu wangu mweupe, yule yule, nikasema haya, mlafi ameshinda. Ukamgeuzia mgongo. Mjomba wa bwana harusi akatoa noti, ukazirudisha mfukoni mwake mwenyewe. Hapo sheikh akaanza kutazama saa.

Ndipo ukasema unataka tone moja la damu ya Mwinjuma. Watu wakacheka sana, na mimi nikacheka, mpaka nikamwona Rosa ananyanyuka kati ya akina mama na mkoba wake. Nikakutazama usoni. Miaka yote tuliyojuana sikuwahi kukuona hucheki. Ukaniambia polepole, nadhani wengine hawakusikia: "Ukifa nitalala kaburini kwako, na watanipa changu. Sikitaki cha kule. Nipe hapa."

Nilikasirika, Athanas, nakuambia ukweli. Niliona umenivua nguo mbele ya wakwe. Halafu nikanyoosha kidole, kwa sababu ningefanya nini? Mtani amelala mlangoni, mwanangu anasubiri kuozeshwa, na desturi ni desturi.

Rosa akapima, akaitazama ile mashine, akaniuliza nimeshika nini. Nilikuwa nimetoka kukata nanasi za wageni, utamu wake bado uko vidoleni. Akaninawisha kwa sabuni, akanifuta, akachoma kidole kingine. Ikasema karibu vile vile, ishirini na kitu, na ya mwenye afya haifiki hata kumi. Hakutangaza. Aliniinamia akasema, "Baba, ozesha mtoto, halafu mimi na wewe tunakwenda mjini." Wewe ukaamka, ukajipangusa vumbi, ukanipisha. Nimemwozesha Asha nikiwa na pamba kidoleni.

Wakwe niliokuwa nawaogopa ndio walionichukua. Mjomba yule yule mwenye noti alisema gari la maharusi linakwenda mjini hata hivyo. Nimeingia hospitali na gari lenye maua na honi, binti yangu na shela yake pembeni yangu. Mapokezi waliniuliza bwana harusi ni nani kati yetu. Maneno niliyosemwa na daktari sitakuandikia yote. Alisema ningeingia Ramadhani na kidonda kile, nifunge kisha nifuturu kwa togwa, tungekuwa tunazungumza habari ya kukatwa mguu, au nisingekuwepo wa kuzungumza naye. Walinilaza, wakausafisha, wakanipa dawa. Mguu unafunga. Niliuona mwenyewe nyama yake imekuwa nyekundu ya uzima.

Sasa niko nyumbani. Nameza vidonge asubuhi na jioni, na Rosa ananipima, na mimi napita mlangoni kwake kwa miguu yangu. Funga nimekatazwa mwaka huu, sheikh amenielekeza nilishe maskini badala yake, na nilivyokuwa naona haya kula mchana sasa nimezoea. Majirani wanasema ninywe mdalasini tu, dawa iko shambani kwangu. Rosa anasema nitie kwenye chai nikipenda harufu, vidonge visikose. Nanasi nakula kipande kimoja, nakitafuna mpaka kinaniomba msamaha. Mama Asha alilia kwa ajili ya yale majagi. Nikamwambia alikuwa ananipa alichokuwa nacho, na mimi ndiye niliyekuwa nafungua mdomo. Sasa nakunywa maji ya chemchemi, na kiu ile haipo. Hujui raha ya kukaa kivulini bila kiu, Athanas. Nakaa tu. Na sisimizi wamehama, mchungwa umekuwa mpweke.

La mwisho. Siku ile ya harusi, wewe ukijaza sahani mara ya tatu, Theresia alimnong'oneza mke wangu kwamba mashine yake ya kupimia sukari ipo kabatini siku zote na wewe hujawahi kumpa kidole hata kimoja. Unasema unaogopa sindano. Mtu aliyenilalia mlangoni. Basi Idi pili nakuja Dumila. Nitalala kizingitini kwa kibanda chako, na mteja hapiti.

Mtani wako anayedai,
Mwinjuma

*

Dumila,
20 Machi 2025

Mwinjuma, mkwe uliyepelekwa hospitali kwa honi,

Usije kulala hapa. Dumila ni tambarare, Mluguru atapataje usingizi bila mwinuko? Njoo ukae kwenye kiti kama watu.

Nimepima. Theresia alipomaliza kusoma barua yako, aliiweka mezani akaenda kabatini. Sikuwa na pa kukimbilia, wateja walikuwa wamejaa na mwanamke mmoja wa Gairo akanishika bega. Nikafumba macho, nikanyoosha kidole. Nimekuwa nikimwona anajichoma kila siku, na kila siku nilijiambia nikijua nitakuwa nimeugua. Namba ni nzuri. Anasema nzuri ya leo si hati ya kiwanja, nitapima tena, na kitambi kipungue kwa kazi, si kama cha kwako kilivyopungua. Wali wa jioni ameshaupunguza. Mimi ninayeuza mchele.

Ulipokasirika pale mlangoni niliona. Nilijua unaweza usiniandikie tena. Nililala pale nikihesabu hilo pia, nikaona bora nikukose ukiwa hai. Wiki zote hizi Erick akileta nanasi nilikuwa natazama kwanza mkono wake, sio mzigo.

Juzi ameshuka na bahasha. Nilitazama juu yake tu, sikufungua. Jina langu limeandikwa kwa herufi ndogo, zimekaa kwenye mstari mmoja, zile zile za mashamba ya miwa. Nikampa Theresia asome, nikaendelea kupima mchele nikijifanya sina habari. Akaanza. Akacheka kwa jogoo, akacheka kwa honi, kwa nanasi kuomba msamaha akashika meza. Nikawa nasubiri mahali atakaponyamaza.

Hakunyamaza. Alisoma mpaka jina lako akicheka, na wateja nao, na mchele nimeumwaga. Sasa naona umepona kiasi cha kutukanwa. Njoo Idi pili, mla nanasi kwa kipimo, mchumba wa sisimizi. Matusi yameshajaa mdomoni.

Mtani wako,
Athanas